Upimaji wa ubora wa sarafu

Upimaji wa ubora wa sarafu ni kazi ya kuchunguza sarafu ya zamani au ya kumbukumbu ili kujua kama ni halisi au ya bandia, kisha kuipa daraja kulingana na hali yake. Kazi hiyo hufanywa na kampuni maalumu kwa ajili ya wakusanyaji, wauzaji na minada. Zinazojulikana zaidi ni Professional Coin Grading Service (PCGS), iliyoanza kazi mwaka 1986, na Numismatic Guaranty Company (NGC), iliyoanzishwa mwaka 1987. Zote mbili ni za Marekani, lakini hupokea sarafu za nchi nyingine, zikiwemo za Afrika Mashariki.

Daraja lina nguvu kubwa katika bei. Sarafu mbili za mwaka mmoja na kiwanda kimoja zinaweza kuuzwa kwa bei zinazopishana sana, kwa sababu moja imebaki na uso wake wa asili na nyingine imelika au imesuguliwa. Mfano mzuri wa kueleza jambo hili ni sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916.

Rupia 15 ya Tabora

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Afrika Mashariki ya Kijerumani ilizingirwa na manowari za Waingereza na haikuweza kuletewa fedha kutoka Ujerumani. Serikali ya kikoloni ilianza kutengeneza sarafu zake ndani ya nchi, katika karakana ya reli mjini Tabora. Zilitoka sarafu za heller 5 na heller 20 za shaba na shaba nyeupe, pamoja na rupia 15 za dhahabu. Dhahabu ilitoka katika mgodi wa Sekenke, katika eneo la Iramba ambalo leo limo mkoani Singida. Kazi hiyo haikudumu, kwa kuwa majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora mwezi Septemba 1916.

Upande mmoja wa rupia 15 una tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, na upande wa pili una tai wa Dola la Ujerumani. Herufi T inaonyesha mahali ilipotengenezwa. Uzito wake ni gramu 7.168, na sehemu 750 kati ya 1000 ni dhahabu. Zilitengenezwa 16,198 za aina mbili, zinazotofautiana mahali ncha ya pambo la kulia inapoishia karibu na neno OSTAFRIKA. Katika aina ya kwanza ncha hiyo iko chini ya herufi T (sarafu 9,803), na katika ya pili iko chini ya herufi A ya kwanza (sarafu 6,395).

Hatua ya kwanza: uhalisi

Kabla ya kuuliza sarafu ni nzuri kiasi gani, mpimaji huuliza kama ni ya kweli. Hupima uzito kwa mizani nyeti, kipenyo na unene, na huweza kutumia mashine ya eksirei inayotambua metali bila kuikata sarafu. Rupia 15 yenye uzito pungufu, au yenye kiasi cha dhahabu kisicholingana na 750, huzua shaka mara moja.

Vipimo hivyo peke yake havitoshi, kwa sababu mghushi anaweza kutumia dhahabu ya kiwango kilekile. Kwa hiyo mpimaji hulinganisha maandishi, mapambo na ukingo wa sarafu na zile ambazo uhalisi wake umethibitishwa. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huwa na vitundu vidogo usoni, na ncha za herufi zake huwa butu. Sarafu iliyopigwa chapa huwa na kingo kali zaidi.

Kipimo cha 1 hadi 70

Daraja huandikwa kwa namba kuanzia 1 hadi 70. Mfumo huu ulitokana na kazi ya Mmarekani William Sheldon, aliyeutangaza mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za zamani za Marekani. Baadaye ulirekebishwa na kutumika kwa sarafu za aina zote. Mpangilio wake kwa ufupi ni huu:

- Namba 1 hadi 3: sarafu imelika mno, ila bado inatambulika.
- Namba 4 hadi 15: picha kuu inaonekana, lakini maelezo madogo mengi yamefutika.
- Namba 20 hadi 45: maelezo mengi yapo, na kulika kunaonekana hasa sehemu zilizoinuka.
- Namba 50 hadi 58: kulika ni kidogo sana, na sehemu ya mng'ao wa asili bado ipo.
- Namba 60 hadi 70: sarafu haina dalili ya kulika kwa matumizi. Herufi MS huwekwa mbele ya namba kwa sarafu za kawaida, na PF au PR kwa zile zilizotengenezwa kwa ustadi wa pekee kwa ajili ya wakusanyaji.

Sarafu ya 70 haina kasoro inayoonekana hata ikikuzwa mara kadhaa kwa lenzi. Kwa kawaida sarafu moja huangaliwa na wapimaji zaidi ya mmoja, bila kujulishwa mwenye mali ni nani. Daraja likishakubaliwa, sarafu hufungiwa katika kasha gumu la plastiki lenye lebo na namba ya kumbukumbu, ambayo mnunuzi anaweza kuihakiki katika tovuti ya kampuni.

Mambo manne yanayotazamwa

Kwa sarafu ambazo hazijalika, yaani kuanzia 60, wapimaji hutazama mambo manne.

La kwanza ni alama za kugongana. Sarafu mpya hutupwa pamoja katika mifuko na masanduku, nazo hukwaruzana. Alama iliyo mahali wazi panapovuta jicho hushusha daraja kuliko alama iliyojificha ndani ya mapambo.

La pili ni nguvu ya chapa. Sarafu iliyopigwa chapa kwa nguvu ya kutosha huonyesha kila mstari wa mchoro. Iliyopigwa kwa udhaifu hubaki na sehemu bapa hata kama haijawahi kutumika.

La tatu ni mng'ao wa asili. Metali inapobanwa na chapa husambaa na kuacha mistari midogo mno usoni. Ukiizungusha sarafu chini ya taa, mistari hiyo hufanya mwanga uzunguke kama njiti za gurudumu la baiskeli. Mng'ao huo ukishaondoka, haurudi.

La nne ni mvuto wa jumla: rangi, usawa wake, na jinsi sarafu inavyopendeza kwa mtazamo wa kwanza. Hapa ndipo maoni ya wapimaji hutofautiana zaidi.

Rupia 15 inaonyesha kwa nini mambo haya hayatenganishwi. Ilitengenezwa wakati wa vita kwa mitambo ya muda, hivyo haifai kudhani kwamba kila sehemu bapa kwenye mwili wa tembo imelika. Mpimaji hutazama mng'ao juu ya sehemu hiyo. Ikiwa mng'ao unapita bila kukatika, chapa ilikuwa dhaifu. Ikiwa sehemu imefifia na rangi yake imebadilika, imelika kwa kupita mikononi. Kosa la kuchanganya mambo hayo mawili linaweza kuiteremsha sarafu kutoka 62 hadi 55.

Kutofautisha sarafu za daraja moja

Namba moja hubeba sarafu nyingi zisizolingana kabisa. Miongoni mwa sarafu za 63, zipo zilizoponea chupuchupu kuingia daraja hilo na zipo zilizokaribia 64. Ndiyo maana kumewekwa alama za ziada.

Alama ya kujumlisha (+) hutolewa na PCGS na NGC kwa sarafu iliyo juu ndani ya daraja lake. PCGS ilianza kuitumia mwaka 2010, kwa madaraja ya 45 hadi 68.

Alama ya nyota hutolewa na NGC kwa sarafu yenye mvuto wa pekee kuliko nyingine za daraja hilo. Nyota haimaanishi kwamba sarafu inakaribia daraja la juu. Inaweza kuwa na alama za kugongana, lakini rangi na mng'ao wake ukawa wa kupendeza mno.

Kwa sarafu za PF huongezwa pia maneno yanayoeleza tofauti kati ya picha yenye weupe kama ukungu na uso unaong'aa kama kioo. Sifa hii hutazamwa, kwa mfano, katika sarafu za hifadhi ya wanyamapori za Tanzania za mwaka 1974 zilizotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji: shilingi 25 yenye twiga, shilingi 50 yenye kifaru na shilingi 1,500 ya dhahabu yenye duma.

Kampuni ya CAC, iliyoanza mwaka 2007 na inayoshughulika zaidi na sarafu za Marekani, ilileta njia nyingine. Huchunguza sarafu ambayo tayari imo ndani ya kasha. Ikiridhika kwamba inastahili kabisa daraja lake, hubandika stika ya kijani. Ikiona inastahili daraja la juu zaidi, hubandika stika ya dhahabu.

Sarafu zisizopewa namba

Sarafu halisi inaweza kunyimwa namba kwa sababu ya kuharibiwa. Lebo yake hutaja tu kiasi cha maelezo kilichobaki na aina ya uharibifu.

Uharibifu ulio mwepesi kuepukwa ni usafishaji. Limau, majivu, dawa ya meno na dawa ya kung'arishia shaba huifanya sarafu ing'ae, lakini asidi hula uso wake na msuguo huondoa ile mistari midogo inayoleta mng'ao wa asili. Kinachobaki ni mng'ao mkali usiozunguka na mikwaruzo myembamba, na mpimaji huutambua kwa urahisi. Mtu aliyerithi sarafu ya zamani anaweza kuipunguzia thamani kwa dakika chache akidhani anaipendezesha.

Uharibifu mwingine hutokana na mapambo. Sarafu za dhahabu zimewahi kutiwa pete za kuning'inizia au kutobolewa ili zivaliwe shingoni. Hata pete ikiondolewa, alama ya kuunganishia hubaki ukingoni. Hata hivyo, si kila tundu ni kasoro. Senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki wakati wa utawala wa Waingereza zilitoka kiwandani zikiwa na tundu katikati, na hazikatwi daraja kwa sababu hiyo.

Mipaka ya upimaji

Daraja ni maoni ya watu wenye ujuzi, si kipimo kama kilo au mita. Sarafu ileile ikitolewa kwenye kasha na kupelekwa tena inaweza kupata namba tofauti. Makasha nayo hughushiwa, hivyo mnunuzi hushauriwa kulinganisha sarafu yenyewe na kumbukumbu za kampuni badala ya kuamini lebo peke yake.

Tena upimaji una gharama za ada, usafirishaji na bima. Kwa sarafu za kawaida, kama senti 20 yenye mbuni na senti 50 yenye sungura zilizotolewa na Benki Kuu ya Tanzania kuanzia 1966, gharama hizo mara nyingi huzidi bei ya sarafu, isipokuwa kama hali yake ni bora mno.

Kwa sarafu za kale kabisa, swali la kwanza si la daraja bali la sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na uchimbaji wa kutafuta vitu hivyo unahitaji kibali. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zimo katika kundi hilo. Thamani yake kubwa ni katika historia: zilipatikana wapi, katika tabaka gani la udongo, na pamoja na vitu gani. Zikishang'olewa na kusafishwa, habari hizo hupotea, na hakuna namba katika kasha inayoweza kuzirudisha.