Roshani nayo ina bei yake

Dalali wa fleti za Upanga au Kariakoo, Dar es Salaam, akitaja "mita 90 za mraba", mnunuzi hufikiria vyumba. Mara nyingi roshani imo humo humo. Yenye mita 5 kwa 1.2 ni mita 6 za mraba. Tuseme kila moja inauzwa Sh2 milioni, basi Sh12 milioni zimekwenda kwenye mahali pa kuanikia nguo. Si hasara iwapo upepo unaingia hadi sebuleni.

Ya kuchunguzwa zaidi ni ile iliyozibwa kwa vioo. Huuzwa kama chumba cha tatu, ilhali ramani iliyosajiliwa, chini ya sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, yaweza kuonyesha roshani tu. Wamiliki wenzake wakidai vioo viondolewe, mnunuzi hubaki na vyumba viwili alivyolipia vitatu. Isitoshe, vioo hukata upepo, na ikiwa vinatazama magharibi, jua la alasiri humaliza LUKU kwa kiyoyozi.

Kabla ya kulipa arubuni, amwage ndoo ya maji sakafuni aone kama yanaelekea kwenye bomba au yanarudi sebuleni.