MBWA WETU JIKE: AFUNGWE KIZAZI LINI?

Katika ukurasa huu wa familia tumezoea kuongea juu ya malaria, chanjo za watoto na bustani za mboga. Mwezi huu tunaleta jambo ambalo wengine watalicheka: kumfunga kizazi mbwa jike. Lakini sisi walimu wa kujitolea tumeulizwa juu yake mara nyingi tangu muhula uanze, tena na wanafunzi wenyewe. "Mwalimu, mbwa wetu amezaa tena, watoto wake tuwapeleke wapi?" Pa kuwapeleka hatuna. Tulicho nacho ni habari ya kuzuia mapema, na ndiyo tunayoiandika hapa.

Wengi wetu tuliingia Uganda kupitia Mpondwe, tukapita Bwera, na wengine bado wana ndugu pale na Kasese mjini. Huko kwa ndugu, kama hapa kwetu, mbwa ni mlinzi. Anabweka mwizi akikaribia mbuzi, anafukuza nyani kwenye mahindi. Hakuna anayesema mbwa ni mbaya. Shida ni hesabu. Mbwa jike huweza kushika mimba mara mbili kwa mwaka, na mimba yake ni siku 63 hivi tu. Tuseme kila mara anazaa watano. Mwaka ukiisha ni kumi, na kama nusu yao ni majike, mwaka unaofuata una mama watano wapya mbali na yule wa kwanza. Nani atawalisha wote hao, wakati ugali na ndagala za watoto wenyewe hazitoshi?

Basi wanatupwa. Wengine kwenye mfereji, wengine sokoni, wengine wanaachwa pale familia inapohama. Hili la kuhama ni letu sisi wakimbizi zaidi kuliko jirani zetu. Familia inapata safari ya kwenda kuishi Canada, au inarudi upande wa Beni, na mbwa anabaki nyuma akiwa na mimba. Anazalia chini ya ukuta wa nyumba iliyobaki tupu, kando ya njia ya shule. Mbwa mwenye watoto wadogo ni mkali hata kama jana alikuwa rafiki wa kila mtu. Mtoto wa P3 akipita karibu, anaumwa.

Na hapo ndipo jambo linaacha kuwa la kucheka. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, karibu kila mara anakufa. Dawa ya kumponya hakuna. Duniani inakadiriwa kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Mtu akiumwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo akachomwe chanjo. Msipake kahawa wala majani kwanza. Kufunga kizazi peke yake hakuzuii kichaa, chanjo ndiyo inazuia. Ila wataalamu wanasema mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa ugonjwa unakosa njia ya kuenea, na mahali ambapo kila mwezi wanazaliwa mbwa wapya wasio na mwenyewe, hao 7 hawafikiwi.

Kasese iko kati ya hifadhi mbili, milima ya Rwenzori juu na Queen Elizabeth chini. Mbwa asiye na kwao hutangatanga mpaka kwa wanyama wa porini, na hubeba maradhi. Wenzetu wa Tanzania waliona mwaka 1994 pale Serengeti: karibu theluthi ya simba walikufa kwa ugonjwa wa distempa, ambao watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijijini.

Sasa, lini? Mbwa jike huingia joto mara ya kwanza akiwa na miezi 6 hadi 12. Utaona sehemu yake ya uzazi imevimba, damu inatoka, na madume ya mtaa mzima yamelala mlangoni kwako. Joto linachukua kama wiki tatu. Siku za kwanza damu ni nyingi lakini dume anafukuzwa. Baadaye damu inapungua, inakuwa nyepesi, na mwenye mbwa anasema "imeisha", anamfungulia. Kumbe ndizo siku zenyewe anazokubali kupandwa! Wengi wanapata watoto wa mbwa wasiowataka kwa kosa hili moja.

Kwa mbwa wetu wa kienyeji, wakati mzuri ni akiwa na miezi mitano au sita, kabla ya joto la kwanza. Mwili ni mdogo, damu inatoka kidogo, kidonda kinapona haraka, na hatari ya uvimbe wa matiti akizeeka inapungua sana. Wale mbwa wakubwa wa kizungu wanaokua polepole, daktari huweza kusema mngoje mpaka mwaka au zaidi, msikilizeni.

Kama joto limeshaingia, usimpeleke wakati huo. Mishipa ya kizazi inakuwa imejaa damu na upasuaji unakuwa mgumu. Mfungie, hesabu miezi miwili au mitatu baada ya joto kwisha, ndipo umpeleke. Kama ananyonyesha, ngoja watoto waachishwe na maziwa yakauke. Usichelewe baada ya hapo, maana joto lingine liko njiani. Kama ana mimba, daktari ndiye ataamua. Aliyezaa mara tatu au nne bado anafaa, na pengine ndiye anahitaji zaidi, kwa sababu majike wakubwa wasiofungwa hupata ugonjwa wa usaha ndani ya kizazi, mara nyingi wiki chache baada ya joto. Anakunywa maji mno, hataki kula, na bila kupasuliwa anaweza kufa.

Wazee wetu wengine wanashikilia kwamba mbwa lazima azae mara moja kwanza ndipo awe na akili. Tunawaheshimu, lakini hapana. Haimsaidii kitu, na inakuachia watoto watano wa kulisha. Wengine wanaogopa ataacha kulinda. Halindi kwa kizazi, papa! Analinda kwa sababu anapajua kwake na watu wake. Pale Gulu kuna mradi uitwao Comfort Dog, ambao unawapa mbwa wa kufuga watu walioumizwa rohoni na vita vya kaskazini. Mbwa hao wanafungwa kizazi na kuchanjwa kwanza, kisha wanafundishwa, na wanaishi na watu wao vizuri tu. Jambo la kweli ni kwamba mbwa aliyefungwa hunenepa akikaa bure, basi mpunguzie chakula kidogo. Kwa mbwa wa kambini sidhani kama ni shida kubwa, wasomaji mtatusamehe.

Kazi yenyewe ni upasuaji kamili. Mbwa analazwa kwa dawa ya usingizi, tumbo linafunguliwa kidogo, mayai na kizazi vinatolewa, anashonwa. Kwa hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa, si ya yule kijana anayehasi nguruwe kwa wembe. Anzeni kwa kuuliza ofisi ya mifugo ya wilaya pale Kasese, au kwa afisa mifugo wa Bwera kwa walio upande huo. Ulizeni bei kabla, na ulizeni kama dawa ya usingizi, dawa ya maumivu na kurudi kutoa nyuzi vimo ndani ya bei hiyo.

Tunasikia pia kuna watu wanaowachoma mbwa sindano ya uzazi wa mpango ya akina mama. Ni rahisi, tunajua. Lakini dawa za namna hiyo kwa mbwa zinaongeza hatari ya usaha wa kizazi na uvimbe wa matiti. Pesa uliyookoa itakwenda huko huko.

Siku ya kwenda, mbwa asile baada ya chakula cha jioni iliyotangulia. Aliye mdogo, fuateni saa alizosema daktari. Akirudi atalegea, mlazeni mahali pakavu mbali na baridi ya usiku. Siku 10 hadi 14 asikimbie, asiogeshwe, asilambe kidonda. Kola ya plastiki ikikosekana, mvisheni fulana kuukuu ya mtoto, miguu ya mbele ipite kwenye mikono, kisha ifungwe mgongoni. Kazi hii wape watoto, wanaiweza kuliko sisi. Kidonda kikinuka, kikitoa usaha au kikifunguka, msingoje siku ya nyuzi.

Na kama pesa haipo kabisa? Basi ni kumfungia ndani wiki tatu zote za joto, mlango umefungwa kweli, hata kaka zake wa tumbo moja wasiingie, maana mbwa hajui undugu. Wengine watauliza kwa nini tusianze na madume, ambao upasuaji wao ni mwepesi. Ni vizuri nao wahasiwe, ila dume mmoja tu aliyebaki anatosha kuwapa mimba majike wa mtaa mzima. Pesa ikiwa ya mbwa mmoja, iende kwa jike.

Daktari kuja mpaka huku kwa mbwa mmoja ni gharama ya mafuta ambayo familia moja haiwezi. Wakiwa kumi, inagawanyika. Walio na mbwa jike wa miezi minne na kuendelea, aandikishwe kwa mwalimu wa zamu, jioni baada ya masomo: umri wake, joto la mwisho lilikuwa lini, na kama ana mimba au ananyonyesha. Orodha ikifika kumi tutaipeleka ofisi ya mifugo kuomba siku.