Mteja mkubwa kakwambia "njoo nikuajiri"? Piga hesabu hii kabla hujajibu

Huku Njombe baridi ipo, na mzigo unatoka kama kawaida.

Leo tuongelee jambo linalowakuta wengi tunaouza mtandaoni. Ulianza kwa kumtafutia mtu wa Dar viazi. Unapiga picha, unaweka status, unajibu wateja, unakusanya gunia kwa wakulima wa Uwemba na Makete, unasimamia fuso linapakia Makambako. Anakulipa kwa kila mzigo. Siku moja anapiga simu: "Dogo, acha kuhangaika. Nakuajiri moja kwa moja, laki sita kwa mwezi."

Nyumbani wanakwambia pokea, mshahara ni mshahara. Wenzako wanakwambia ukiajiriwa umekwisha. Wote wanaongea, ila hakuna aliyeshika kalamu. Tuishike sisi.

*1. Laki sita inafika mkononi ikiwa ngapi?*

Ukiajiriwa kihalali, NSSF unakatwa asilimia 10, yaani 60,000. Inabaki 540,000, na hiyo ndiyo inayotozwa kodi ya mshahara (PAYE). Shilingi 270,000 za kwanza hazikatwi kitu. Kuanzia hapo hadi 520,000 unakatwa asilimia 8, ambayo ni 20,000. Ile 20,000 iliyozidi juu ya 520,000 inakatwa asilimia 20, yaani 4,000. Kodi jumla 24,000.

Mkononi: 516,000.

Ila usisahau, kwa kawaida mwajiri naye anakuchangia asilimia 10 NSSF. Kwa hiyo kila mwezi kuna 120,000 inakaa kwa jina lako. Ukijumlisha vyote ni 636,000.

*2. Na wewe sasa hivi unapata ngapi kweli?*

Hapa ndipo tunapojidanganya. Tunakumbuka mwezi mzuri tu. Tuchukue mfano wa dada mmoja wa Makambako. Miezi 7 ya msimu mtu wa Dar anamlipa 900,000 kwa mwezi. Miezi 5 mibaya anapata 350,000. Kwa mwaka ni 8,050,000. Toa bando, nauli, bodaboda na vocha, tuseme 160,000 kila mwezi, ambayo kwa mwaka ni 1,920,000. Inabaki 6,130,000. Gawa kwa 12: kama 511,000 kwa mwezi.

Pembeni ana wateja wake mwenyewe wa viazi na parachichi wanaomwachia faida ya 120,000 kwa mwezi. Jumla 631,000, na hapo hajatoa kodi yake ya TRA wala hajaweka akiba ya uzeeni.

Umeona? 636,000 kwa 631,000. Kwa dada huyu pesa haiwezi kuamua. Kwako inaweza kuwa tofauti, lakini hutajua mpaka uandike miezi yote 12, na ile mibaya uiandike pia.

*3. Vitu ambavyo havionekani kwenye mshahara*

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Akiugua ana siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili na nusu ya pili kwa nusu mshahara. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, na akijifungua pacha ni 100. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zikizidi zinalipwa mara moja na nusu. Jiulize: mwaka jana ulipolala na homa wiki nzima, nani alikulipa?

Upande wa pili, ajira si ukuta wa zege. Katika miezi 6 ya mwanzo, kinga ya kuachishwa kazi isivyo halali haikuhusu. Ukiacha biashara yako leo na bosi akabadili mawazo mwezi wa nne, utarudi kuanza upya.

*4. Namba ya simu ni ya nani?*

Hili ndilo kubwa, na wengi hatuliulizi. Wateja wanapiga namba yako. Wakulima wanakujua wewe. Ukurasa ulifungua wewe, picha ulipiga wewe. Ukiajiriwa bila kuelewana, kesho ataambiwa kila mtu kuwa huo ni ukurasa wa kampuni. Siku mkiachana, unaondoka na mshahara wa mwisho, wateja wanabaki kwake.

Kwa hiyo kabla ya kusaini: laini yako na ukurasa wako vibaki vyako. Yeye afungue ukurasa wa biashara yake, wewe uuendeshe kwa simu na laini anayokupa yeye. Na lile soko lako dogo la pembeni, muulize waziwazi kama unaruhusiwa kuendelea nalo. Akikataa, ujue unauza 120,000 yako ya kila mwezi, na mshahara inabidi uilipie.

*5. Labda umeshaajiriwa bila kujua*

Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitike vingine, kama hata kimoja kati ya vigezo vyake kipo. Mfano: anakupangia namna ya kufanya kazi au saa zako, anakupa vitendea kazi, unamtegemea yeye kiuchumi, au umemfanyia wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Jina mliloandika kwenye karatasi haliamui peke yake.

Rudi kwa dada wa Makambako. Zaidi ya robo tatu ya kipato chake kinatoka kwa mtu mmoja. Mtu huyo akizima simu leo, biashara imelala. Uhuru anaouogopa kuupoteza ni mdogo kuliko anavyodhani.

*6. Ukikubali au ukikataa*

Ukikubali, yaandikwe: kazi yako ni ipi, kituo ni wapi, saa ngapi, mshahara, tarehe ya kuanza, nani analipa nauli ya kwenda shambani. Kazi isiyoandikwa ni lumbesa, unahesabiwa gunia moja kumbe umetoa gunia na nusu. Baada ya miezi miwili mitatu hakiki kama michango inafika NSSF.

Ukikataa, usikatae mikono mitupu. Mwambie: "Bosi, nashukuru. Tufanye mkataba wa huduma, unilipe kiasi maalum kila mwezi hata msimu ukiwa mbaya, na kamisheni kwa mzigo." Halafu jiunge NSSF kwa hiari, wanapokea waliojiajiri, na tafuta mteja wa pili na wa tatu.

Kwa vyovyote, usijibu simu ileile. Mwambie "nipe siku tatu bosi", kaa na daftari, piga hesabu.

Wewe ungemjibuje? Tuandikie hapo chini, na mtumie mwenzako aliyeahidiwa kazi wiki hii.