Kioo cha pikipiki ya mbio hakitaki nguvu

Jumapili asubuhi, simama kando ya barabara ya Mombasa–Malindi utaziona pikipiki za mbio zikipita kuelekea Kilifi na Watamu: Ninja, R6, CBR. Zikisimama kutia mafuta, angalia kioo cha mbele. Si chache utakazokuta zina ufa, na ufa huo aghalabu huanzia kwenye tundu la skrubu. Wenyewe hulaumu jua au kokoto za malori. Mimi nimebadilisha vioo hivi nyumbani kwa miaka kadhaa, vyangu na vya marafiki, na nalaumu bisibisi.

Tuelewane kwanza kwamba kile tunachokiita kioo ni plastiki, ama akriliki ama polikaboneti. Akriliki ni ngumu na hung'aa vizuri, lakini hupasuka. Polikaboneti hustahimili kugongwa, ila hukwaruzika upesi na huharibiwa na kemikali. Zote mbili hutanuka zikipata joto na kunywea zikipoa. Ndiyo maana tundu hufanywa pana kidogo kuliko skrubu, na kati yao huwekwa washa laini ya nailoni au ya mpira, ili kioo kishikwe bila kubanwa. Fundi akikikaza kama nati ya gurudumu, siku hiyo huoni kitu. Pikipiki ikianikwa juani wiki kadhaa, plastiki inataka kutanuka na haina pa kwenda, ndipo ufa unapojitokeza, na wewe unamlaumu aliyekuuzia.

Wako wanaosema ni urembo tu, afadhali kiondolewe. Hao hawajapita daraja la Kilifi upepo wa baharini ukivuma. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya upepo kifuani huongezeka mara nne. Bila kioo unajishikilia kwa mikono, na mikono iko kwenye usukani, kwa hiyo kila upepo unaokusukuma wewe unausukuma usukani pia. Kioo chenye ufa nacho kinaweza kukatika ukiwa kwenye mwendo, na kipande kikaruka kuelekea helmeti yako.

Kazi yenyewe ni ya saa moja hivi, kivulini. Unahitaji bisibisi ya nyota, seti ya alenki (zile spana ndogo zilizopinda kama herufi L), kitambaa na kikombe cha kuwekea skrubu. Katika pikipiki nyingi za aina hii kioo hushikwa na skrubu nne hadi sita. Katika baadhi, vioo vya pembeni navyo vimepita hapo hapo, kwa hiyo huna budi kuvitoa kwanza. Kama vina taa za indiketa ndani, chomoa nyaya zake taratibu. Usiviache vikining'inia kwa waya.

Hapa Pwani kazi ngumu ni kufungua. Chumvi ya baharini hula skrubu, hasa kwa anayevuka Likoni kila siku. Nyuma ya kioo skrubu nyingi huingia kwenye nati ya mpira, yaani kipande cha mpira chenye nati ya shaba ndani yake. Ukikaza, mpira unavimba na kushika. Kutu ikiingia, skrubu na mpira huzunguka pamoja na hakuna kinachofunguka. Usiongeze nguvu. Vuta kioo kidogo kuja nje ili mpira ujibane, kisha geuza polepole. Ikishindikana, mtu apitishe mkono kwa ndani aushike mpira kwa koleo. WD-40 inasaidia, na kwa kuwa kioo cha zamani kinatupwa, hakuna hasara. Lakini futa mafuta yote kabla kipya hakijafika karibu, kwani haifai kugusa polikaboneti inayoonekana ng'ambo. Nati za mpira zilizokauka zitupe pamoja na skrubu zenye kutu. Nunua skrubu za chuma kisichoshika kutu, unene na urefu ule ule. Nyingi ni za milimita 5.

Kioo kipya huja na karatasi ya nailoni ya kukilinda. Ibandue kingoni tu na uiache katikati mpaka umalize. Kiweke mahali pake bila skrubu kwanza uone kama matundu yanalingana. Vioo vya bei rahisi mara nyingi hupishana kidogo, na hapo ndipo watu hukipinda kwa nguvu. Kioo kilichopindwa ili skrubu iingie kimeshaanza safari ya kupasuka. Afadhali upanue tundu kidogo kwa tupa ya mviringo. Halafu anza skrubu zote kwa vidole, kila moja na washa yake, bila kukaza hata moja. Zikishaingia zote, kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, mpaka uhisi washa imegusa na mpira umeanza kushika, kisha acha. Vitabu vya watengenezaji huweka kipimo kidogo mno kwa skrubu hizi, kiasi ambacho vidole viwili kwenye bisibisi fupi vinatosha. Usitie ile gundi ya kuzuia skrubu isilegee, kwani baadhi yake huipasua plastiki.

Kabla ya kuwasha injini, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia mpaka mwisho. Angalia mikono ya breki na klachi, kikopo cha mafuta ya breki, kebo na vidole vyako. Kama chochote kinagusa kioo, hasa kile kirefu chenye mgongo, usitoke nyumbani. Usukani unaokwama kwenye kona ya Mtwapa hauna msamaha.

Kuhusu rangi, vijana wanapenda cheusi. Mimi nachagua cheupe, kwa sababu ukiinama nyuma ya kioo usiku unatazama kupitia humo. Tena kioo kilichojipinda huweza kukusanya miale ya jua na kuunguza plastiki ya dashibodi, kwa hiyo usiegeshe pikipiki mchana kutwa juani bila kuifunika.

Kukisafisha ni maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na kitambaa laini. Wadudu waliokauka walowanishe kwanza, usiwakwangue. Petroli, mafuta ya breki na dawa za kusafishia vioo vya madirisha zenye amonia visikiguse. Baada ya safari mbili tatu, pitia skrubu tena kwa vidole. Iliyolegea izungushe kidogo tu, robo mzunguko au chini ya hapo.