Usaili: acha kukariri majibu, beba habari zako mwenyewe



Majina ya walioitwa kwenye usaili yakitoka tu, simu yangu hapa Iringa haitulii. Wiki hii kapiga mpwa wangu, kamaliza chuo cha uhasibu, kaitwa Mbeya. "Mjomba, nitumie maswali na majibu yake." Nikamwambia maswali nitakupa, majibu sina. Akanuna. Basi naandika hapa asome yeye na wenzake.

Nianze na aibu yangu. Mwaka 2009 nilipanda basi la alfajiri pale Ipogolo kwenda Mbeya, usaili wa afisa mikopo. Nauli mama aliikopa kwenye vikoba. Njia nzima, Mafinga, Makambako, Chimala, mimi nakariri fotokopi ya majibu niliyopewa na rafiki. Kufika ndani naulizwa: "Mkopaji amekuja, anasema mvua imemwangusha, mahindi hakuna. Utafanyaje?"

Kwenye fotokopi halikuwemo. Nikababaika, halafu nikamwaga lile nililolikariri: mimi ni mchapakazi, najituma, sihitaji kusimamiwa. Mzee mmoja wa jopo akafunga faili.

Sasa jamani, mimi nimekulia kwa mkulima aliyekopa mbolea. Nilimwona baba akimfuata mdai wake kabla ya siku ya rejesho, akamwonyesha shamba, wakakubaliana nusu ailipe kwa maharage yaliyopona na nusu msimu unaofuata. Akalipa yote. Jibu nilikuwa nalo nyumbani, nikaliacha, nikabeba la karatasi. Kazi nikaikosa. Mama akauza kuku kulipa vikoba.

Miaka ikapita, nikaombwa kukaa upande wa pili wa meza, jopo la shirika dogo. Ndipo nikaelewa mchezo. Kila mmoja wetu alikuwa na karatasi yenye maswali yale yale kwa wote, na nafasi ya alama pembeni. Tukauliza udhaifu wao. Wa kwanza: "Napenda kazi kupita kiasi." Wa pili vile vile. Wa tatu alipolirudia, hakuna aliyeinua kalamu. Akaja binti wa Ilula. Akasema alikuwa hana tabia ya kuandika matumizi madogo, mpaka siku hesabu ya matenga ya nyanya ilipomkosanisha na mama yake. Tangu hapo ana daftari, analifunga kila jioni. Kalamu zote zikashuka.

Kwa nini nasisitiza hili? Kwa sababu foleni ni ndefu. Juni 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa Dar es Salaam kugombea nafasi 70 za Uhamiaji. Mwaka 2025 TRA ilipokea maombi 135,027 kwa nafasi 1,596. Cheti kama chako wanacho wengi. Ulichokifanya wewe hakuna mwingine anacho.

Haya, twende kwenye maswali.

"Tueleze kuhusu wewe." Usianze na darasa la kwanza wala idadi ya ndugu zako. Dakika mbili zinatosha: umesomea nini, umefanya nini, na hayo yanahusianaje na kazi hii. Na ukisema umefanya, usidharau kibanda cha Mwanjelwa au msimu wa kupokea chai Mufindi. Aliyeshika pesa za watu na zikatimia, huyo ana uzoefu.

"Kwa nini unataka kazi hapa?" Soma tangazo tena, chukua majukumu mawili, useme lini ulifanya kitu kinachofanana nayo. "Nahitaji ajira" ni kweli, lakini hata aliyekaa nje kwenye benchi anaihitaji.

"Udhaifu wako?" Taja wa kweli, usiogusa uti wa mgongo wa kazi yenyewe, kisha sema unaurekebishaje.

"Unataka mshahara kiasi gani?" Serikalini tangazo huwa limeshataja ngazi ya mshahara. Kwa binafsi, jua kwanza unazungumzia ghafi au wa mkononi. Chukua 500,000 ghafi bila posho: NSSF 10% ni 50,000. Inabaki 450,000, kodi ni 8% ya kinachozidi 270,000, yaani 14,400. Kama una deni la Bodi ya Mikopo, 15% ni 75,000. Mkononi 360,600. Piga hesabu hiyo na kodi ya chumba kabla hujataja namba.

"Umeolewa? Una mpango wa kuzaa?" Dada zangu hulipata sana hili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa jinsia, mimba, hali ya ndoa, dini, kabila na mengineyo, na inamlinda hata mwombaji kazi. Lakini ndani ya chumba sikushauri ugombane. Jibu kwa upole kwamba majukumu ya kazi umeyasoma na utayatimiza, kisha rudi kwenye kazi.

"Una swali?" Usiseme sina. Uliza miezi mitatu ya mwanzo watakupima kwa lipi.

Mwisho, makaratasi. Usaili wa serikali unataka vyeti halisi vya kidato cha nne na kuendelea pamoja na kitambulisho. Hati ya matokeo haikubaliki mahali pa cheti. Kama majina yanatofautiana, nenda na hati ya kisheria inayoeleza tofauti hiyo. Nauli na malazi ni juu yako, kwa hiyo fika jana yake. Baridi ya Mbeya na usingizi wa basi haviendani na usaili.

Nimempa mpwa wangu kazi moja tu: aandike mambo matatu aliyowahi kuyafanya kwa mkono wake, lipi liliharibika na alilitengenezaje, kisha amsimulie mama yake kwa sauti. Mama akielewa, jopo litaelewa.

Jana jioni kanipigia. La kwanza kalipata, mawili bado. Usaili ni Alhamisi.

Mwenye la kuongeza aongeze, hasa mliowahi kukaa kwenye jopo. Nawasilisha.