Unanunua nyumba au unanunua rangi?

JAMAA yangu mmoja, kijana wa mjini mwenye kazi yake nzuri tu, siku moja aliamua kuachana na habari za kupanga. Alichoshwa na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, halafu bado anampangia saa ya kuzima redio. Kujenga nako hakutaka. Viwanja alivyoonyeshwa vilikuwa huko ambako hata daladala inafika kwa kubembelezwa. Akaona bora atafute nyumba ya zamani karibu na mjini, alipe, ahamie.

Dalali akampeleka Magomeni. Ni ile nyumba ya Kiswahili unayoijua wewe: vyumba 6, korido katikati, uani kuna jiko, choo na vyumba viwili vya nyongeza. Nje imepigwa rangi ya krimu, bado inanukia. Dari jeupe pee!

"Braza, hii walijenga wazee bwana, siyo hizi tofali zenu za mchanga mtupu," dalali akamwaga sera. "Na kuna mtu anakuja jioni na hela mkononi. Mimi nimekupenda wewe tu."

Mke wa jamaa akamnong'oneza mumewe: "Baba Fulani, kwa nini tusimwite mtaalamu aitazame kwanza?" Jamaa akacheka. Ya nini kumlipa mtu kuangalia ukuta wakati macho anayo? Akazunguka mara mbili, akagonga kuta kwa kidole kama anayechagua tikiti maji, akaridhika. Mkopo wa kazini ukaingia, akiba ya mkewe ya upatu ikaingia, mambo yakaisha.

Yalianza upya masika ya kwanza. Rangi ya krimu ikababuka chini ya kuta zote kama ngozi ya nyoka. Ufa ukajitokeza juu ya dirisha, ukawa unakua kama mtoto anayenyonya. Halafu usiku mmoja sakafu ya chumba kimoja cha uani ikazama, kitanda kikakaa upande. Bahati hapakuwa na mtu.

Bibi wa nyumba ya pili alipokuja kutoa pole alitikisa kichwa. "Mwanangu, pale si palikuwa na choo cha shimo! Kilipojaa kikafukiwa, wakaja kujenga juu yake. Ungeniuliza ningekwambia."

Gari una fundi, nyumba una nani?

Hebu tuulizane ukweli. Ukitaka kununua gari la mtumba unakwenda peke yako? Thubutu! Unakwenda na fundi wako. Anafungua boneti, anasikiliza injini, anaingia chini uvunguni. Lakini nyumba, ambayo bei yake inanunua magari hayo kumi, unakwenda na dalali tu. Naye dalali analipwa ukinunua, halipwi ukikataa.

Wengi siku hizi tumeerevuka kwenye makaratasi. Tunakwenda ardhi kuulizia hati, tunauliza kama aliyefariki ana msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, tunataka mke au mume wa muuzaji aridhie kwa maana Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda. Safi kabisa, endeleeni hivyo hivyo. Lakini hati inakwambia nyumba ni ya nani. Haikwambii nyumba inaumwa nini. Hilo linahitaji daktari wake, naye ni mhandisi wa majengo.

Kipodozi cha nyumba

Kwanza kabisa, ukikuta nyumba ya miaka 50 inanukia rangi mbichi, usishangilie. Jiulize ilikuwaje jana. Si kila anayepaka rangi ni tapeli, la hasha, lakini rangi ndiyo poda ya nyumba, na chini ya poda kuna mengi.

Ufa mwembamba kama unywele, unaochorachora plasta kama utando wa buibui, mara nyingi si ugonjwa mkubwa. Plasta ilikauka haraka, basi. Wa kuogopa ni ule unaoanzia kona ya dirisha au mlango na kupanda mshazari, au unaoshuka ngazi kwa ngazi ukifuata matofali. Ukishapita milimita 5, yaani unakaribia unene wa penseli, huo si wa kuziba na plasta ukalala. Huenda msingi umeshuka upande mmoja.

Mtaalamu akiona ufa wa namna hiyo anataka kujua jambo moja zaidi: umesimama au bado unatembea? Anaweza kuweka alama ya penseli mwishoni mwa ufa na kuandika tarehe, au kubandika kipande chembamba cha kioo katikati yake. Akirudi baada ya wiki kadhaa kioo kimekatika, basi nyumba bado inasafiri, na wewe ndiye utakayelipa nauli.

Yapo majaribio hata wewe unaweza kuyafanya. Beba gololi mfukoni. Iweke sakafuni taratibu. Ikikimbilia kona moja katika kila chumba, uliza kulikoni. Funga na kufungua milango yote. Unaokwaruza juu, au wenye mwanya mpana upande mmoja na mwembamba upande mwingine, unakuambia kitu. Usimdharau mlango.

Panda juu, chimba chini

Ingia ndani mchana jua likiwa kali, fungeni milango na madirisha, kisha mchungulie darini. Ukiona nyota mchana, hayo ni matundu ya bati. Madoa ya kahawia kwenye dari nayo ni historia ya mvua zilizopita.

Mtaalamu hatosheki na hapo. Anapanda na tochi, anachokoa kenchi kwa bisibisi. Mbao nzima inagoma. Iliyoliwa na mchwa inaingia kama mkate, ingawa kwa nje imenyooka kama askari wa gwaride. Na kama nyumba imeezekwa zile bati nene za kijivu za asbesto, msizitoboe, msizivunje, wala msifagie vumbi lake. Nyuzi zake zikiingia mapafuni zinaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Kuzitoa ni kazi ya watu wanaojua, na gharama yake iingie kwenye hesabu kabla hujataja bei.

Chini nako kuna mambo. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa kizuizi cha unyevu kati ya msingi na ukuta. Maji ya ardhini yanapanda taratibu kama mafuta ya taa kwenye utambi, hadi kiasi cha mita moja hivi. Yakikauka yanaacha chumvi nyeupe, plasta inamomonyoka. Ukipaka rangi juu yake, umempaka mgonjwa wanja.

Kwa sababu hiyo mhandisi makini anaomba ruhusa ya mwenye nyumba achimbe shimo dogo pembeni ya ukuta, aone msingi una kina gani, umejengwa kwa nini, na umekaa juu ya udongo gani. Hasa kama una ndoto za kupandisha ghorofa. Msingi uliotengenezwa kubeba bati hauwezi kubebeshwa ghorofa kwa sababu tu wewe umepata hela.

Halafu uliza maji ya mvua yanakwenda wapi. Bonde la Msimbazi lilitufundisha Desemba 2011, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam. Nenda kaitazame nyumba wakati mvua inanyesha. Tafuta mstari wa tope kwenye kuta za majirani, maana ya kwao hayakupakwa rangi ya kuuzia.

Nondo ikitokeza

Wale wa fleti za zamani, za Upanga, Kariakoo na kando ya bahari, sikilizeni. Zege linaloanguka vipande na kuacha nondo nje si la kuzibwa na fundi wa mtaani. Upepo wa bahari una chumvi, na mchanga wa pwani usiosafishwa nao una chumvi. Chumvi ikiifikia nondo, inashika kutu. Kutu inavimba, inataka nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo inapasua zege kutoka ndani. Mhandisi anagonga zege kwa nyundo. Likilia kama ngoma, limeachana na nondo. Vipo pia vifaa vya kukadiria ugumu wa zege na kutafuta nondo zilipo bila kubomoa chochote.

Usidhani naongelea vibanda tu. Beit el Ajaib ya Unguja ilijengwa mwaka 1883, fahari ya mji mzima, na sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati. Watu wawili walikufa. Kariakoo nako, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lililokuwa na maduka na wateja ndani yake lilianguka asubuhi na kuua watu zaidi ya 20. Uzuri wa nje na wingi wa wateja havibebi jengo.

Waya na mabomba

Umeme wa zamani ni adui mpole. Tazama kama soketi zina waya wa ardhini, kama waya umekauka na kumeguka, kama kuna viungo vilivyofungwa kwa mfuko wa nailoni. Nyumba iliyotengenezwa kwa taa tatu na redio leo inabeba friji, pasi, feni na jiko la umeme. Waya ukielemewa unachemka, na moto hauulizi hati ni ya nani.

Mabomba ya chuma ya enzi hizo yanaota kutu ndani. Fungua bomba asubuhi kabla halijatumika. Yakitoka maji ya rangi ya chai, umeshajua. Na ulizia mashimo yote ya choo, la sasa na ya zamani. Hapa mtaalamu wako wa kwanza ni yule bibi jirani. Msalimie vizuri, "shikamoo bibi", kaa naye kwenye mkeka, mwache azungumze. Anajua mengi kuliko dalali, na hana asilimia anayoidai.

Nani wa kumwita?

Usimwite shemeji aliyewahi kusimamia ujenzi. Tafuta mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, umuombe namba yake ya usajili, uulizie bodi kama ni kweli yumo. Usikubali yule unayeletewa na dalali. Injinia wa dalali ni dalali wa pili.

Mpatane kazi na malipo kwa maandishi kabla hajaanza. Mwambie unataka ripoti ya kuandikwa yenye picha, inayopita kila sehemu kuanzia paa hadi msingi, inayosema kipi ni cha hatari leo, kipi kinaweza kungoja, na kipi hakuweza kukiona. Matengenezo yakiwa makubwa, mkadiriaji wa gharama za ujenzi akuwekee hesabu. Utatoa hela, ndiyo. Lakini hata ikikula mshahara wa mwezi mzima, ni afadhali kuliko kulipa mkopo wa miaka 7 kwa ajili ya shimo la choo.

Na yote haya yafanyike kabla ya kishika uchumba. Ukishatoa hela ya kwanza, mdomo unakuwa mzito kusema hapana. Kama muuzaji anang'ang'ania umpe chochote, basi iandikwe kwamba ukaguzi ukionyesha ubovu mkubwa hela yako inarudi. Akikataa kabisa mhandisi asiingie, mshukuru, muage, uondoke. Amekupa ripoti yake bure.

Ripoti ikishatoka, usiitupe kabatini. Hiyo ndiyo silaha ya mezani. Paa linataka kubadilishwa? Punguza kwenye bei. Waya wote umeoza? Punguza. Nyumba ya zamani si mbaya jamani, zipo zilizosimama imara kuliko nyingi mpya. Ubovu unaoujua unaweza kuulipia. Usioujua ndio unaokufilisi.

Jamaa yuko wapi?

Yupo Magomeni. Chumba kilichozama amekifunga kwa mbao, ufa ameshauziba mara tatu. Fundi wa kwanza alisema laki mbili tu, wa pili alipochimba akanyamaza, akaenda kutafuta kiti akae. Mwishowe jamaa alimwita mhandisi, yule yule aliyeona ni wa kumtupia hela. Ripoti ikasema upande mzima wa uani ubomolewe, na msingi wa ukuta wa mbele uimarishwe.

Mkopo unakatwa kila mwezi kama kawaida, maana benki haina habari na choo cha nani kilikuwa wapi. Mkewe hajawahi kumwambia "nilikwambia". Amerudi kwenye upatu wake kimya kimya, anaanza upya kukusanya. Jamaa anasema heri angemgombeza.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wa mjini tuongeze kidogo: kabla hujaununua ufa, mlete mtu aupime. Shauri yako!