Mikutano ilipofungwa, maswali ya chanjo yalikosa pa kuulizwa

Serikali ilipopiga marufuku mikusanyiko ya hadhara mnamo Machi 2020, yamkini haikutambua kuwa ilikuwa ikiifunga pia njia ambayo chanjo ingeihitaji mwaka mmoja baadaye. Sisemi hivi kwa kulaumu. Korona ilikuwa ngeni, na kila mkusanyiko ulikuwa hatari. Hata hivyo, yaliyotukia kwetu Kilungu, katika milima ya Makueni, yafaa yafikiriwe na walimu na wanafunzi kabla ya maradhi mengine kubisha hodi.

Shehena ya kwanza ya chanjo, dozi zipatazo milioni moja za AstraZeneca, iliwasili Nairobi tarehe 3 Machi 2021. Wahudumu wa afya, walimu na askari walitangulizwa. Wakafuata waliotimu miaka 58. Mwishoni mwa mwezi huohuo, jirani zetu Machakos na Kajiado walikuwa miongoni mwa kaunti 5 zilizofungwa. Hivyo basi, habari za chanjo zilitufikia kwa redio na kwa simu. Redio, ni kweli, hualika wasikilizaji wapige simu, lakini ajuza asiye na salio atauliza vipi?

Mzee mmoja wa Nunguni aliniuliza mimi. "Mwalimu," alisema, "kuchanja ninakokujua ni kwa wembe. Huku kwa sindano kunaingiza nini mwilini?" Nikamweleza jinsi kitenzi hicho kilivyohama kutoka kwenye chale hadi kwenye sindano. Lilikuwa jibu zuri la isimu, nalo halikumfaa kitu. Alichotaka ni kuuliza mbele ya chifu, muuguzi na majirani, amwone pia aliyekwisha kudungwa akiwa ameketi pale, mzima.

Kisha, tarehe 20 Oktoba 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliondoa kafyu akiwa Wang'uru, Kirinyaga, na kuruhusu nyumba za ibada zijazwe hadi thuluthi mbili. Mitaani ikasemwa, "Nchi imefunguliwa." Kilichofungwa kikifunguliwa, msikilizaji huelewa kuwa sababu ya kukifunga imekwisha. Wapo walioniuliza chanjo ilikuwa ya nini tena. Mwezi uliofuata Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kuwa kuanzia tarehe 21 Desemba wasiochanjwa wangenyimwa huduma za serikali. Mahakama Kuu ikaisitisha amri hiyo kabla ya siku kufika. Mikutano ikawa imerudi kama zawadi, chanjo ikaja kama tishio, ilhali mambo hayo mawili yalihitajiana. Ilipasa mkutano wa kwanza kuruhusiwa uwe wa chanjo yenyewe, uwanjani, watu wakiwa wameachana nafasi na kuvaa barakoa.

Kwetu ulikuja kwa kuchelewa, na kwa njia ya mwethya, yale makundi ya kazi ya pamoja yaliyochimba matuta ya milima hii. Baada ya kazi, muuguzi alisimama chini ya mti. Aliulizwa kama aliyechanjwa aweza kuambukiza wengine. Akakiri kuwa aweza, ila hatari ya kuugua sana hupungua. Mzee wangu akarudia swali lake la wembe, watu wakacheka. Muuguzi hakucheka. Alimweleza kwamba sindano huufundisha mwili kumtambua adui kabla hajaingia. Mzee akaketi, na mama mmoja nyuma yake akainuka na swali lake.